Mto Zigi, bwawa la Mabayani na bomba lako: maswali yanayorudi Tanga kila kiangazi

Bomba likikauka siku tatu Ngamiani, maswali yanaanza. Yanaanzia kwenye foleni ya madumu, yanahamia barazani kwenye kahawa, na jioni yameshafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kila mtu ana jibu lake: huyu analaumu wenye pampu, yule wakulima wa Amani, mwingine anasema ni kudura tu. Nimekaa kwenye kamati ya maji ya mtaa wetu muda wa kutosha kuulizwa yote. Hapa nimekusanya yale yanayorudi kila mwaka. Penye maoni yangu mwenyewe nitasema ni yangu.

Maji ya bomba la Tanga yanatoka wapi hasa?

Yanatoka Mto Zigi (wengine huandika Sigi). Mto huu unaanzia milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani wilayani Muheza, unapokea maji ya Mto Kihuhwi na vijito vingi vidogo, kisha unateremka kuja kumwaga kwenye ghuba yetu. Kabla haujafika baharini umezuiwa Mabayani, kwenye bwawa lililojengwa miaka ya 1970. Pampu zinayasukuma maji hadi mtambo wa Mowe, yanasafishwa, yanapelekwa kwenye matangi, ndipo yanakufikia wewe. Mwenye kazi hiyo ni Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji.

Mwanza wana ziwa. Moshi wana chemchemi za mlimani. Sisi jiji zima tumeegemea mto mmoja, na ukilikumbuka hilo nusu ya maswali yanayofuata utayajibu mwenyewe.

Mbona mvua imenyesha wiki nzima mjini na wanasema bwawa halijapanda?

Kwa sababu mvua ya Chumbageni inaingia mtaroni na kuishia baharini. Mabayani haioni hata tone lake. Bwawa linajazwa na mvua ya mlimani, na mlima una hesabu yake: Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati huku pwani tunapata kiasi cha 1,300. Inawezekana kabisa tukaogelea barabara ya 12 huku Amani kuna jua, na kinyume chake.

Lingine: baada ya kiangazi kirefu udongo unakunywa kwanza. Mvua za mwanzo wa vuli zinazama ardhini, na mto hauanzi kupanda mpaka ardhi imeshiba. Kwa hiyo ukisikia ngurumo usikimbilie kumwaga maji ya akiba.

Je, ni kweli mabadiliko ya tabianchi yanaukausha Mto Zigi?

Watu wanataka ndiyo au hapana, na nikisema haijibiki hivyo wananiona nakwepa. Kinachobadilika kwanza ni mpangilio wa mvua, si lazima jumla yake. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na dunia imeshapanda zaidi ya nyuzi 1 tangu kabla ya zama za viwanda. Mvuke huo ukishuka, unashuka kwa kishindo. Ile mvua ya rasharasha iliyokuwa ikinyesha siku nne, ya kulala na kula mihogo, sasa inamwagika kwa saa tatu halafu jua wiki mbili. Mji wetu una msemo wake, "waja leo waondoka leo", na tulikuwa tukiwataniana nao wageni. Siku hizi unazifaa zaidi mvua.

Zipime mvua hizo mbili kwa kipimo, huenda zikatoka sawa. Mtoni hazifanani hata kidogo. Ya taratibu inazama ardhini, inakaa mlimani, inatoka kidogokidogo kwenye chemchemi hadi kiangazi. Ya kishindo inateremka na udongo, inalijaza bwawa usiku mmoja, inapita juu ya ukuta na kwenda baharini. Mwisho wa mwaka takwimu zitasema mvua ilikuwa ya kawaida, na Februari wewe uko kwenye foleni na madumu.

Misimu yenyewe nayo haisomeki kama zamani. Masika, ya Machi hadi Mei, yalipungua Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980. Kilichowaumiza vichwa wanasayansi ni kwamba mahesabu yao ya kompyuta yanaonyesha kinyume: dunia ikizidi joto, ukanda wetu utapata mvua nyingi zaidi. Kisha masika ya 2018, 2020 na 2024 yakaja na mafuriko. Vuli inatawaliwa na bahari. Bahari ya Hindi ikiwa na joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli huzidi, kama 1997 na 2019. Ikigeuka, au Pasifiki ikiingia kwenye La Niña (maji yake ya kati yakipoa kuliko kawaida) kama ilivyofanya mfululizo kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, vuli hukatika. Msimamizi wa bwawa anajiandaa kwa ukame na gharika kwa pamoja, na mara nyingi ndani ya mwaka mmoja.

Bwawa likijaa si tumeshapona?

Kwa miezi michache, ndiyo. Mabayani ni bwawa dogo. Lilinganishe na Nyumba ya Mungu kule juu ya Pangani, ambalo hubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1: lile linaweza kuweka maji ya mwaka huu kwa ajili ya mwaka ujao. La kwetu haliwezi. Masika linajaa na kumwaga, na kuanzia hapo linategemea mto uendelee kuingiza maji kila siku wakati sisi tunatoa kila siku.

Kiangazi kimoja nilikwenda kuliangalia. Ukingoni palikuwa na mistari ya tope mmoja chini ya mwingine, kama beseni la kufulia lililoachwa juani: kila kina kilipotulia siku kadhaa kimeacha alama yake. Nilihesabu kumi na mmoja. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na tope lililopasuka vipande vya ukubwa wa sahani, na kati ya nyufa majani mabichi yameshaota. Majani yale ndiyo yaliyonishtua kuliko maji kupungua. Maana yake ni kwamba pale pana udongo mzuri, wa shambani, umekuja kukaa mahali pa maji. Kila mvua ya kishindo inaongeza mwingine. Bwawa linapungua ujazo kwa chini huku sisi tunatazama juu.

Ndiyo maana mimi husema Tanga ina mabwawa mawili. La zege liko Mabayani. Jingine, kubwa zaidi, ni msitu wa Amani: majani yaliyooza, mizizi na udongo unaoshika maji kama sponji. Maji yanayoingia Mabayani mwezi wa Februari hayakunyesha Februari. Yalinyesha vuli, yakalala mlimani, yakashuka taratibu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000. Watu wengi mjini wanaijua kwa vipepeo na watalii, na hawajui kuwa ndiyo tangi lao.

Kwa nini maji huwa mekundu baada ya mvua kubwa?

Ni udongo wa mlimani. Usambara ina udongo mwekundu, na mvua ikipiga shamba lililo wazi kwenye mteremko inauosha wote hadi mtoni. Mtamboni wanatia shabu, ile ile bibi zetu waliyokuwa wakiikoroga mtungini, ili vumbi lishikane na kuzama. Tope likizidi, shabu inatumika nyingi, machujio yanaziba mapema, na uzalishaji unapungua. Ndiyo ile ajabu ya Tanga: mto umefurika na bomba halitoi.

Aprili moja nilifua kanzu nyeupe Alhamisi usiku bila kuangalia maji. Ijumaa asubuhi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nikaenda msikitini na shati. Tangu hapo, siku za mvua naacha ndoo ilale. Asubuhi namimina ya juu polepole, na chini hubaki tope laini, unene wa ukucha. Maji hayo yaliyotulia ni ya kufulia na kuogea. Ya kunywa chemsha hata kama yanang'aa, kwani tope likizama vijidudu havizami nalo.

Kwa hiyo wa kulaumiwa ni wakulima wa Amani?

Swali hili huulizwa na mtu wa mjini, tena kwa hasira. Sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto. Na ni kweli wapo wanaolima hadi majini, na waliochimba dhahabu kwenye vijito na kuacha mashimo.

Lakini jiweke kwenye nafasi ya mkulima wa pale. Shamba lake liko mtelemkoni kwa sababu tambarare haipo. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga ndiyo ada ya shule. Kwa miaka mingi aliangalia mto ukipita mbele ya nyumba yake kwenda kunywesha jiji, huku Muheza mjini kwao watu wananunua maji kwa dumu. Baadaye likalazwa bomba kutoka Pongwe kuwapelekea Muheza maji: yaani maji yaliyozaliwa wilayani mwao yashuke Tanga, yasafishwe, kisha yapandishwe tena kwa pampu kurudi kwao. Ukimwambia mtu huyo "acha kulima mtoni kwa ajili yetu", ana haki ya kukuuliza utampa nini.

Wako waliolijibu swali hilo. Wakulima wa huko wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, yaani Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi Zigi. Wanaacha ukanda wa mto uote, wanapanda miti, wanachimba makinga maji, na badala ya kulima ukingoni wanafuga nyuki, samaki au ng'ombe wa maziwa. Mamlaka ya maji ya jiji imeshirikiana nao. Maoni yangu: shilingi inayokwenda kwa mfugaji nyuki wa Kihuhwi inafanya kazi kubwa kuliko shilingi ya shabu, na ingefaa ionekane wazi kwenye bili kama mstari wake wenyewe, tujue tunalipia nini.

Miti inaleta mvua, au hiyo ni hadithi ya shuleni?

Mvua yetu kubwa inatoka baharini, kwa upepo wa kusi na kaskazi, na milima ya Usambara inaupandisha juu upepo huo hadi mvuke unageuka mawingu. Milima ingekuwa na upara bado mvua ingenyesha. Ila msitu unafanya mambo mawili ambayo upara hauwezi: unachuja ukungu, matone yanadondoka kwenye majani hata siku isiyo na mvua, na unaishikilia mvua ikishanyesha.

Na mti si mti tu. Mikaratusi iliyopandwa kando ya kijito itakunywa kijito. Kabla hujashangilia "miche elfu imepandwa", uliza miche ya nini, na imepandwa wapi.

Theluji ya Kilimanjaro ikiisha, Tanga tutakosa maji?

Hapana. Theluji ya Kilimanjaro haina uhusiano na Zigi. Watu huchanganya na Mto Pangani, ambao kweli unapata maji yake upande wa Kilimanjaro na Meru, unapita Nyumba ya Mungu, Korogwe na Hale, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale (megawati 21) na Maporomoko ya Pangani (megawati 68), ndipo unaingia baharini mjini Pangani.

Hata kwa Pangani, barafu si chanzo kikubwa. Eneo la barafu lililokuwepo kileleni mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kwa asilimia 85 ifikapo 2007, na mto haukupungua kwa kiwango hicho. Maji yanatokana na mvua inayonyesha kwenye msitu ulioko katikati ya mlima, na chemchemi zinazotoka chini yake. Kinachoubana Pangani zaidi ni wingi wa wanaochota njiani: mashamba ya miwa, mpunga, mboga, miji, mabwawa. Mto ukifika dhaifu, bahari inapanda juu yake. Wenye minazi na visima kando ya mdomo wa mto wanaijua ladha yake.

Kisima changu cha Raskazone kimeanza kuwa na chumvi. Ni bahari kupanda?

Kwa sehemu, huenda. Zaidi ni wewe na jirani zako. Ukanda wetu wa bahari una mawe ya matumbawe yenye matundu, na ndani yake maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pampu kwa nguvu, hasa kiangazi mvua haijarudisha, chumvi inapanda kutoka chini. Punguza muda wa kupampu, vuta kidogokidogo, na usichimbe kirefu zaidi ukidhani utayakuta matamu. Chini ndiko iliko bahari.

Kila mgao wa maji ni tabianchi?

Wala. Umeme ukikatika pampu zinasimama, hata bwawa likiwa limejaa pomoni. Bomba la zamani likipasuka barabarani maji yanatiririka usiku kucha. Na sisi tumeongezeka: sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Tanga na watu 273,000 na ushei, ya 2022 ikatukuta zaidi ya 393,000. Kila ninapoona neno "tabianchi" limetumika kueleza bomba lililopasuka wiki mbili bila kuzibwa, nacheka kwa uchungu. Kabla ya kulalamika uliza maswali matatu: kina cha bwawa kikoje, umeme ulikuwepo, na je, mtaa wa pili wanapata? Mtaa wa pili wakipata, tatizo lako haliko mbinguni.

Hatifungani ya maji ni nini, na inahusiana vipi na haya?

Mwaka 2024 Tanga UWASA iliuza hatifungani ya kijani (yaani ya miradi yenye faida kwa mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa lugha ya barazani: mamlaka ilikopa kwa wananchi na taasisi ili kupanua uzalishaji na mtandao wa maji, na wakopeshaji wanalipwa riba. Mkopo huo unalipwa kwa mapato ya maji, na mapato ya maji yanategemea maji yawepo. Kwa hiyo aliyenunua karatasi ile akiwa Dar naye sasa, ajue asijue, ana hisa kwenye mvua za Amani.

Bagamoyo nao wana shida hii hii?

Shemeji yangu wa Bagamoyo huuliza kwa niaba yao. Wao wana Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru. Tofauti ni kwamba Ruvu haina bwawa kubwa la kuweka akiba, mtambo wa Ruvu Chini unachota mtoni moja kwa moja. Vuli ya 2022 ilipochelewa, mto ulishuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao Oktoba ile ile. Bwawa la Kidunda, la mita za ujazo milioni 190, linajengwa kwa ajili hiyo. Sisi wenye Mabayani, pamoja na tope lake, tulianza mapema.

Kuvuna maji ya bati kunasaidia kweli, au ni kujifariji?

Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 30, hiyo ni lita 1,800. Toa zinazoruka na kuvuja, unabaki na lita 1,400 hivi, madumu 70 ya lita 20. Kwa mvua za siku hizi za kishindo, usiku mmoja unatosha. Acha dakika kumi za mwanzo zimwagike, zioshe vumbi na kinyesi cha kunguru, na Tanga kunguru tunao.

Kosa nililolifanya mimi: fundi alitoboa simtanki langu sakafuni kabisa, "ili hata tone lisibaki". Nikawa nafungua bomba linanipa tope kwanza. Tundu la kutolea liwe juu ya sakafu ya tangi kama upana wa kiganja, na tundu la pili chini kabisa, lenye koki yake, la kutolea tope mara moja kwa mwezi. Wavu wa mbu kwenye mdomo, usisahau.

Kutawadha kwa bomba kunamaliza maji?

Aliyeuliza ni mtoto wa madrasa, na swali lake ni zuri kuliko mengi ya watu wazima. Mtume alitawadha kwa mudi moja, chini ya lita moja. Fungua bomba la msikitini liende kwa kasi, weka ndoo chini yake utawadhe kama kawaida yako, kisha uangalie ndoo. Sisi tulijaribu watu watano: aliyetumia kidogo alikuwa na lita nne, na imamu, kwa ruhusa yake nasema, alijaza ndoo ikamwagika. Sasa kuna birika kumi na mbili pale nje.